Lenzi ya Kuvuta

Jioni ile Damas alitoka Kikula na beseni ya unga kichwani, akashika njia ya gare, stesheni ya treni. Aliyemwona alidhani anawapelekea wakwe zake chakula cha safari. Angekuwa amekosea, maana unga ule ulikuwa wa kubadilishana. Ndani ya shati, ikining'inia shingoni kwa kamba, Damas alibeba kamera isiyo na jicho.

Nianze na hao wakwe, maana bila wao hakuna cha kusimulia. Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa mkoa wetu wa Katanga. Wengi wao walizaliwa hapa hapa Likasi, babu zao waliletwa kuchimba shaba, na Kasai yenyewe waliijua kwa kusikia tu. Haikusaidia kitu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na fimbo na petroli, wakiimba, na aliyetaka kuiona kesho alibeba alichoweza akakimbilia gare kungoja treni. Treni zilikuja zilipotaka. Watu walilala chini ya maturubai, mvua ikiwanyeshea, wakapikia hapo, wakazalia hapo, wakazikana si mbali na hapo. Nani wa Likasi asiyeyajua hayo? Tunayajua sote, ila tukiulizwa tunaangalia pembeni.

Damas alikuwa mtu wa Kambove, Katanga hii hii, fundi katika karakana ya kiwanda. Mke wake, Kabedi, alikuwa Muluba wa Kasai. Mtoto wao Jenny alikuwa hajatimiza miaka miwili, bado ananyonya. Asubuhi moja walikuta mlango wao umechorwa msalaba wa chokaa, na Damas mwenyewe akamsindikiza mkewe gare kabla jua halijapanda.

"Ni siku kidogo tu," alimwambia. "Ikitulia, nitakuya kukukamata." Kukamata huku kwetu ni kuchukua.

Yeye alibaki. Aliogopa kupoteza kazi, tena kazi ambayo ilikuwa haimlipi. Aliogopa pia kwenda Kasai na kuitwa huko jina baya kama lile ambalo mkewe aliitwa hapa. Kabedi hakumbembeleza. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akabeba sufuria, akatembea.

Siku za kwanza Damas alipeleka chakula akakaa nao. Halafu Evariste, kaka yake Kabedi, akamsimamisha njiani.

"Mulamu, hapa usikuye tena," alisema taratibu. "Bakwenu banatufukuza, na weye unakuya kutulilia. Rudia kwako."

Shemeji akikwambia hivyo, utajibu nini? Tangu hapo Damas alimwona mkewe kwa mbali tu, ng'ambo ya reli, rangi ya nguo yake katikati ya umati. Uso hakuuona tena. Na alikuwa ameanza kuusahau, hilo ndilo lililomtisha. Usiku alijaribu kukumbuka jicho, pua, mdomo, na kila siku kitu kimoja kilipungua.

Ile kamera aliiokota mwaka uliotangulia, siku za uporaji, barabarani mbele ya duka lililovunjwa. Ilikuwa ya refleksi, zile ambazo unaangalia moja kwa moja kupitia lenzi yake. Lenzi ndiyo haikuwepo. Nadhani mwizi alikimbia nayo na mwili wa kamera ukamponyoka. Damas aliificha chini ya kitanda akawaza kwamba kiwanda kikifa, atakuwa mpiga picha. Harusi hazikomi, ubatizo haukomi, na kilio ndiyo kabisa. Filamu hakuwa nayo. Filamu zingeletwa siku moja na wafanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani. Mara kwa mara aliitoa, akaweka jicho, akaona ukungu mweupe tu.

Sasa alisikia kwamba Papa Théodore, mpiga picha wa mjini, naye amefukuzwa na yuko gare, anauza lenzi zake kabla ya kupanda. Na treni inaondoka jioni ile.

Alimkuta ameketi juu ya sanduku, mzee mwembamba aliyevaa koti lake la Jumapili. Nusu ya mji ilisimama mbele ya mzee huyu siku ya komunyo ya kwanza. Mbele ya miguu yake alikuwa ametandika kitambaa, na juu yake lenzi tatu.

"Papa, samahani. Niko natafuta objektifu," Damas alisema. Ndivyo tunavyoita lenzi huku kwetu.

Mzee aliipokea kamera, akaipuliza vumbi, akachungulia ndani. "Kioo iko muzima. Utapiga nini?"

"Byote, papa."

"Byote haiko. Muntu anaanza na kimoja." Aliinua lenzi ya kwanza, fupi na nene. "Hii inaona sawa macho ya muntu. Haiongeze, haipunguze. Na inafunguka sana, hata mu nyumba yenye haina umeme, na taa ya petroli, unapiga na picha inatoka. Kama ni mutoto yangu anaanza kazi, ningemupa hii, na ningemukataza kushika ingine mpaka anaijua."

Akaonyesha ya pili, ambayo kioo chake kilikuwa kimetokeza nje. "Hii ni ya chumba kidogo na familia mukubwa. Inaingiza bote. Lakini inasukuma. Muntu eko karibu, inamutuma kule."

"Na ile?"

Ya tatu ilikuwa ndefu. Mzee hakuishika. "Ile inavuta," alisema. "Muntu eko mbali, inamuleta. Lakini inataka jua mingi, na mukono yenye haitetemeke. Haiko ya muntu anaanza."

Damas alikuwa ameshaichukua. Aliizungusha mdomoni mwa kamera mpaka ikakaza, akaweka jicho, akaelekeza kwenye tangi la maji lililokuwa mbali kule. Aliona misumari. Aliona kutu inavyochirizika chini ya kila msumari. Mwili ukamsisimka.

"Hii, papa. Kamata unga yote."

"Banaoanza bote banapenda hii," mzee alisema kwa uchovu. "Banazani urefu njo nguvu." Kisha akamvuta mkono, akashusha sauti. "Sikia. Shiye bapiga picha ba zamani tuko na sheria moja. Muntu mwenye anaenda safari, haumuangarie na hii. Unamuangaria na ile ya kusukuma, aende muzima. Ukimuvuta na hii, kipande yake inakuya kwako. Na yenye itaenda, itaenda nusu. Unasikia?"

"Nasikia, papa."

Alisikia, ndiyo. Lakini alijiambia: sina filamu. Kamera bila filamu ni chuma na kioo. Picha haipigwi, sheria ya wapiga picha inanihusu nini? Kuangalia tu, mtu anaangalia kila siku. Wewe pia ungejiambia hivyo, usinidanganye.

Alivuka reli, akajificha nyuma ya behewa bovu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima. Treni ilikuwa imejaa mpaka juu ya paa, moshi wa mioto ya kupikia ukiwa bado unatambaa chini ya magurudumu. Harufu ya kutu, ya nguo zenye unyevu, ya maziwa yaliyochacha... Damas aliinua kamera akaanza kutafuta, mlango kwa mlango.

Akampata.

Alikuwa ameketi kwenye mlango wa behewa, miguu inaning'inia, Jenny mapajani. Damas aliona kovu dogo juu ya nyusi. Aliona doa la maziwa kwenye blauzi. Mwanga ulikuwa mdogo, lenzi ile ilitaka jua, na vitu vyote pembeni vilikuwa vyeusi. Ila uso wa Kabedi ulikuwa mweupe kama mchana.

Halafu uso ukasogea.

Kabedi hakuwa amesogea, behewa lilikuwa limesimama. Lakini uso ulikuja... ukaja tena... mpaka Damas akaona matundu ya ngozi, mpaka akaona machozi yaliyokauka chini ya jicho. Kabedi aliinua kichwa. Kwa umbali ule hakuna mtu angeweza kujua kuna nani nyuma ya behewa bovu. Akamwangalia Damas ndani ya jicho.

"Baba Jenny."

Sauti ilitoka sikioni mwake. Kioo cha kuchungulia kikafunikwa na mvuke, kama mtu amekipumulia kutoka ndani.

Filimbi ikalia. Damas alishusha kamera, na Kabedi alikuwa tena mbali, doa la rangi tu, kichwa chake kimeinama. Treni ikaanza kujivuta, ikapita polepole mbele yake. Katika mlango mmoja wa wazi alisimama Papa Théodore. Aliiona kamera mikononi mwa Damas, akaona ni lenzi ndefu, akajua ilikuwa imeelekezwa kwa nani. Alitia mkono ndani ya koti akatupa kitu kilichofungwa katika kitambaa, kikaangukia kwenye kokoto miguuni mwa Damas.

"Umemuvuta," alisema, treni ikimbeba. "Umusukume upesi. Yeye na mutoto."

Ilikuwa lenzi ya pili.

Siku iliyofuata hakukutokea kitu, na Damas akacheka peke yake kwa jinsi alivyoogopa. Jioni ya siku ya pili yake umeme ulikatika kama kawaida. Alitoka uani kuwasha mbabula, jiko lake la mkaa, makaa yakakataa, akapuliza mpaka macho yakamuuma. Harufu ikamfikia kwanza. Kutu. Nguo mbichi. Maziwa.

Kisha akasikia mkeka ukilia ndani ya nyumba, ule mlio wa mtu anayekaa chini na mzigo.

Kabedi alikuwa ameketi mahali pake pa kila jioni, mgongo ukutani, Jenny mapajani.

"Baba Jenny," alinong'ona. "Iko baridi."

Damas angekimbia. Watu wengi wangekimbia. Yeye alivua shati lake akamfunika mabega, akaingiza mbabula ndani, akapika bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, akaweka sahani mbele yake. Kabedi aliangalia sahani. Hakuigusa, na mvuke wa chakula ulipofika usoni kwake ulipinda ukapita kando. Jenny hakukohoa, na alikuwa mtoto wa kukohoa sana. Damas aliyaona hayo yote. Lakini aliuona pia uso, kovu, pua, mdomo, vyote vimerudi mahali pake, na alilala usingizi ambao alikuwa hajalala tangu chokaa ile mlangoni.

Asubuhi mkeka ulikuwa mtupu. Jioni, saa ya kuwasha moto, walirudi. Ikawa hivyo. Mchana Damas alikwenda kiwandani kukaa na mashine zilizokufa, na jua likielekea vilimani alianza kuharakisha miguu kama bwana harusi. Lenzi ya kusukuma aliiweka chini ya kitanda, ndani ya kitambaa chake, hakuifungua. Hata kuitazama hakutaka.

Jirani yake, Mama Philomène, ambaye walichangia naye bomba la maji uani, alimsimamisha jioni moja.

"Kabedi amerudia?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Nasikia anaimbia mutoto." Alimkazia macho. "Ile wimbo inatoka mu ukuta, Damas. Haitoke mu kinywa. Hakuna treni inarudishaka muntu. Yenye iko kwako, uitoe."

Tangu siku ile Mama Philomène alichota maji kwingine, mbali, akipita matope. Damas alimwona na ndoo yake, akajifanya hakumwona.

Kisha Georges akarudi. Huyu alikuwa rafiki yake wa utotoni, mfanyakazi wa treni, na alikuwa kwenye treni ile ile iliyompeleka Kabedi. Alimkuta Damas mlangoni mwa karakana, akavua kofia kabla hajasema neno, na Damas akajua.

"Bibi yako hasemi," Georges alisema. "Tangu tumetoka hapa. Macho iko wazi, lakini unapitisha mukono mbele yake, haione. Maziwa imekauka. Na mutoto vilevile, halie, hata inzi ikikaa ku jicho. Tumebashusha ku misioni moja karibu na Kamina. Bamasista banabapatia maji na kijiko."

Damas akaketi kwenye kizingiti cha karakana.

"Evariste anasema ni weye ulimuloga," Georges aliendelea, macho chini. "Minye sijue. Lakini hawataweza kuendelea vile, Damas. Banakauka. Kama kuko kitu unajua, ufanye."

Evariste alimwita Damas mlozi, na hakukosea. Aliyawaza hayo njia nzima ya kurudi Kikula. Mlozi si lazima apae juu ya ungo. Mwingine anapika bukari kila jioni, anafurahi, na kule mbali watu wanakauka.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Alifungua kitambaa, akaondoa lenzi ndefu, akazungusha ile ya kusukuma mpaka ikakaza. Akakaa kitandani na kamera magotini. Hakuwasha moto jioni ile.

Wakaja hivyo hivyo.

Kabedi aliiona kamera. Akampapasa mtoto nywele.

"Banakuambia," alisema.

"Ndiyo. Mutakufa kule. Bote mbili."

"Najua." Alisema bila uchungu. "Minye niko nasikia kijiko mu meno. Toka huku, nasikia."

Damas alianza kulia, si kwa sauti. Jenny alinyoosha mikono kwake, kama alivyofanya kila baba yake anapotoka kazini. Damas akamchukua. Alikuwa mwepesi, na baridi yake ilipenya mpaka kifuani, lakini alikuwa Jenny, alimshika sikio kama kawaida yake. Damas akamlaza kitandani, nyuma yake, ukutani. Alijiambia ni kwa sababu mikono inatetemeka. Alijiambia: kwanza mama, halafu mtoto, mmoja mmoja. Mzee alisema yeye na mutoto, na maneno hayo aliyasikia tena wakati ule ule, waziwazi.

Akaweka jicho.

Chumba kilikuwa kikubwa ghafla. Kabedi, ambaye angeweza kumgusa kwa mkono, alikuwa ameketi ng'ambo ya sakafu ndefu, mdogo. Damas alivuta pumzi, na ukuta nyuma ya Kabedi ukarudi nyuma, mlango ukarudi, ua ukafuata. Kabedi alisimama. Ndipo akagundua kwamba mgongoni kwake hakuna mtoto.

"Unipe mutoto," alisema.

Damas hakushusha kamera.

"Baba Jenny. Unipe mutoto yangu."

"Kesho," Damas alisema. "Nitakuletea kesho. Uniachie leo tu."

Kabedi alinyoosha mikono miwili. Ndani ya kioo mikono ile ilikuwa midogo kuliko njiti za kiberiti, na bado ilikuwa imenyooshwa, ikazidi kupungua, ikapita bomba la maji, ikapita barabara, ikapita mahali ambapo barabara inapinda... Kisha palikuwa na giza la kawaida. Umeme ukarudi. Mama Philomène alikuwa anaita watoto wake wale.

Nyuma ya Damas, kitandani, Jenny alicheka.

Kesho yake jioni Damas aliinua kamera mbele ya mtoto. Jenny alidhani ni mchezo, akashika lenzi kwa vidole vyote, akaacha alama za vidole kwenye kioo. Damas akazifuta. Akaishusha. Alisema kesho. Keshokutwa pia alisema kesho. Simlaumu na simtetei. Mtu aliyewahi kumrudisha mtoto wake mwenyewe mahali ambapo yeye hatakuwepo, huyo ndiye aseme.

Georges alirudi wakati mvua zinaisha.

"Kabedi aliamka," alisema, na uso wake haukuwa na furaha. "Jioni moja, aliketi tu, akaomba maji. Bamasista banalia, banaimba. Halafu akaangaria mutoto pembeni yake, akasema ule haiko wangu. Banamuambia ni Jenny. Akasema apana, Jenny iko Likasi, baba yake alimubakisha." Georges alikunja kofia yake mikononi. "Mutoto alikufa asubuhi yake. Kabedi alikataa kwenda ku kaburi."

Damas alikwenda nyumbani akakaa chini. Sasa hata kama angekuwa na moyo wa kumsukuma, angemsukuma wapi? Mwili ule ulikuwa chini ya ardhi. Jioni Jenny alikuja, akaketi kwenye mkeka, akamwangalia.

"Tata," alimwita, yaani baba. "Mama iko wapi?"

Akauliza hivyo kila jioni. Miaka ikapita, kiwanda kikanyamaza kabisa, watu wakaenda kuchimba mawe kwa mikono kule Kambove, vita vikaja, nchi ikabadilishwa jina. Jenny hakurefuka hata kidole. Meno yaliyokuwa yanaota hayakumaliza kuota. Damas hakuoa, hakupiga picha hata moja, na kila saa ya kuwasha moto alikuwa nyumbani, maana alichelewa mara moja tu na akamkuta mtoto amekaa gizani, anamsubiri, hajalia. Majirani walihama mmoja mmoja kutoka upande ule wa ua. Mama Philomène alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Aliziba dirisha lake kwa matofali.

Vita vilipopita, watu wa Kasai walianza kurudi Likasi, wachache, kimya kimya. Jioni moja Damas alikuwa anapuliza makaa uani. Akainua macho, na mwanamke alikuwa amesimama kwenye lango la lupango, ule ua wa nyumba. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Miguu yake ilikuwa na vumbi la safari mpaka magotini. Kovu lilikuwa juu ya nyusi.

"Niko nakuya kukamata mutoto yangu," Kabedi alisema.

Kabla Damas hajafungua kinywa, sauti ilitoka ndani ya nyumba. "Mama."

Kabedi alipita mbele yake, akaingia. Hakushangaa kitu, hakutazama kuta. Alipiga goti mbele ya mkeka, akageuza mgongo, na Jenny akapanda kama watoto wanavyopanda. Akavuta kikwembe, akafunga fundo kifuani. Damas aliona jinsi mgongo ule ulivyopinda, jinsi kitambaa kilivyokaza kwa uzito. Alitoka nao mpaka mlangoni, wakaondoka kwa njia ya gare, na giza likawameza kabla ya kufika barabarani.

Asubuhi alikimbia gare. Alimkuta Georges amekaa kwenye benchi, amezeeka, hana kazi.

"Treni ya jana imeenda?" Damas aliuliza.

"Treni gani? Reli imekatika tangu mwanzo ya mvua. Hakuna kitu imefika hapa, hakuna kitu imetoka." Georges alimtazama vizuri. "Kuko nini?"

"Kabedi. Uko na habari yake?"

"Apana. Toka Kamina sikusikia tena. Kama eko muzima, kama alikufa, sijue."

Kwa hiyo ni nani aliyekuja, mimi sijui, na Damas hajui. Nimemuuliza. Ila kuna neno moja nimeliruka, kwa sababu yeye mwenyewe huliruka kila akisimulia, mpaka mara moja tu, siku aliyokuwa na homa, akanimalizia.

Pale mlangoni, Kabedi alipokuwa anakaza fundo la kikwembe, Damas alitaka kumwambia mengi, yote aliyokuwa ameyapanga miaka ile. Yakamtoka maneno mawili.

"Na minye?"

Kabedi aligeuka. Alimwangalia kwa muda, bila hasira, kama unavyomwangalia mtu aliyekuuliza njia na njia yenyewe iko mbele yake.

"Weye ulibakia," alisema.

Jenny alikuwa anamtazama baba yake kupitia bega la mama. Damas aliinua mkono kumpungia. Mtoto aliutazama ule mkono, kisha akalaza shavu lake mgongoni na kufumba macho.